Kabla Hujamtumia Mtu Sefania 3:17

Wiki mbili zilizopita msichana mmoja ambaye uchumba wake umevunjika aliniandikia hivi: "Dada, kila mtu ananitumia Sefania 3:17, kwamba Mungu ananifurahia kwa kuimba. Mimi sisikii wimbo wowote. Je, nina kasoro?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, kwa sababu mstari huo niliwahi kutumiwa mimi mwenyewe na watu 11 (niliwahesabu) katika juma moja la mwaka 2014, zikiwa zimebaki siku 22 kufikia harusi ambayo haikufungwa.

Jinsi uchumba ulivyovunjika sitasimulia, maana hadithi hizo zinafanana. Kadi 300 za mwaliko, zenye maandishi ya rangi ya dhahabu, zilikuwa zimeshatoka kwa mchapaji, nazo zilikaa katika boksi chini ya kitanda nilicholalia. Kamati ilikuwa imeshakusanya michango, na baadhi ya waliochanga walikuja kudai fedha zao kabla sijamaliza kulia. Mmoja wao, ambaye hadi leo tunasalimiana vizuri ibadani, alinidai shilingi elfu thelathini huku amenishika bega na kunihakikishia kwamba Bwana ananishangilia kwa furaha kuu. Nimemsamehe, ingawa kiasi chenyewe bado nakikumbuka.

Shangazi yangu alifika siku ya nne. Alitandika mkeka sebuleni, akamimina mchele kwenye ungo, akaanza kuuchambua bila kuniita. Baadaye nilikwenda kuketi kando yake, nami nikawa natoa mawe na mpunga uliobaki na maganda, punje kwa punje, hadi adhuhuri. Alipofungua kinywa aliuliza kama chumvi ipo.

Miaka ile ndiyo iliyonifanya niwasome manabii kwa bidii ambayo, nasema bila kuona haya, wahubiri wengi niliowasikia hawanayo. Mwezi uliopita nilialikwa kufundisha akina mama kwa siku tatu juu ya jambo hilihili, na siku ya pili hakuna aliyetoka kabla ya wakati. Wewe unayesoma hapa bila shaka nawe unatamani kusimama mbele ya watu na kuwafariji kwa Neno, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Sefania alitabiri katika siku za mfalme Yosia, aliyetawala Yuda kati ya mwaka 640 na 609 K.K. Kitabu chake kina sura 3 na mistari 53, na kinaanza kwa Mungu kutangaza kwamba ataondoa kila kitu juu ya uso wa nchi, wanadamu na wanyama, ndege wa angani na samaki wa baharini. Katika 1:12 anasema atauchunguza Yerusalemu kwa taa, awapate wale waliotulia kama divai iliyokaa juu ya sira zake, yaani mashapo yake, wanaojiambia moyoni kwamba Bwana hatatenda jema wala baya. Binti Sayuni, yaani Yerusalemu, haambiwi aimbe mpaka 3:14, na kutoka hapo mpaka mwisho wa kitabu imebaki mistari saba tu. Anayekutumia 3:17 peke yake amekuletea mkia wa samaki na kukuambia umekula samaki.

Hata mstari wenyewe hausomwi kwa makini. Sayuni anapoamriwa aimbe katika 3:14, na Mungu anapoimba mwenyewe katika 3:17, Kiebrania kinatumia maneno ya shina moja, *ronni* na *rinna*, yaani kelele ya shangwe ambayo mtu hawezi kuizuia. Lakini kati ya kushangilia na kuimba pamewekwa maneno "atatulia katika upendo wake", na kitenzi chake, *yaharish*, kwa kawaida maana yake ni kunyamaza. Wafasiri wa kale wa Kigiriki waliandika kwamba atakufanya upya, na kweli tofauti ya vitenzi hivyo viwili vya Kiebrania ni herufi moja tu, reshi na daleti, ambazo zinafanana sana kwa macho. Mimi nabaki na kunyamaza, na sina haja ya kuficha kwamba ungo wa shangazi ndio ulionielekeza huko. Mstari uliotangulia, 3:16, unamwambia Sayuni mikono yake isilegee, na mikono yangu ilikuwa imelegea kwa siku nne kabla ya kupewa mchele.

Kumbuka pia kwamba wimbo huo haukuzuia moto. Mwaka 586 K.K. Wababeli waliubomoa Yerusalemu na kulichoma hekalu, na sura ya kwanza ya Maombolezo inarudia tena na tena kwamba mji ule hauna wa kuufariji. Jibu la kilio hicho linasikika katika Isaya 40: "Watulizeni mioyo." Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa kuwa ile "-eni" inaonyesha waziwazi kwamba wanaoamriwa ni wengi: Mungu anatuma watu wakafariji. Kisha anaongeza, "Semeni na moyo wa Yerusalemu," na usemi huo wa kusema na moyo ndio Boazi anaoambiwa na Ruthu shambani, na ndio pia unaotumika kwa Shekemu baada ya kumtenda jeuri Dina, binti Yakobo. Dada zangu, si kila anayejua kusema na moyo wako anakutakia mema. Hilo nililipia michango ya watu.

Kwa muda mrefu mtaani kwetu niliitwa "yule aliyeachwa". Isaya 62 inalitaja jina hilohilo, Azuba kwa Kiebrania, na kusema Sayuni hataitwa hivyo tena bali Hefziba, yaani furaha yangu iko kwake, na kwamba kama bwana arusi anavyomfurahia bibi arusi ndivyo Mungu atakavyomfurahia. Nilichukua karibu miaka mitatu kuweza kuisoma sura hiyo kwa sauti, kwa sababu ya huyo bwana arusi. Azuba na Hefziba yalikuwa majina ya wanawake halisi: mmoja alikuwa mama yake mfalme Yehoshafati, mwingine mama yake mfalme Manase. Manase huyo aliujaza Yerusalemu damu isiyo na hatia, kwa hiyo jina zuri peke yake halikumwepusha mama na aibu ya mwanawe.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usome kitabu kizima kabla hujamkatia mtu kipande, na kama bado hujakisoma, nenda ukachambue mchele. Soma kitabu kizima. Narudia kwa sababu najua hutakisoma.

Yule msichana nilimwambia aanze na Sefania sura ya kwanza, kwa sauti, asiruke. Jana usiku aliniandikia kwamba amefika pale penye taa, ameshindwa kuendelea, na aliuliza kama anaweza kwenda moja kwa moja sura ya tatu. Nimemjibu abaki hapo hapo penye taa, na kwamba Jumamosi nitafika kwao asubuhi, asihangaike kupika.