Mwacheni Alale, Itamtoka Yenyewe

*Muuguzi mstaafu anajibu barua za wasomaji*

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi uliopita tulimaliza chuo, tukakusanyika geto kwa mwenzetu hapa Mwanza. Watu wakawekeana dau, rafiki yangu mmoja akamaliza chupa mbili ndogo za pombe kali, zile za mililita 250, ndani ya kama nusu saa. Tangu asubuhi alikuwa amekula chapati moja tu. Saa tano usiku akazima. Tukammwagia maji, tukajaribu kumnywesha kahawa ikamwagikia shingoni, mwisho tukamlaza chali kwenye godoro, tukamwekea ndoo pembeni, muziki ukaendelea. Alikuwa anakoroma, ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi. Aliamka saa nne asubuhi, hakumbuki kitu. Dada yake aliposikia alilia, akasema tulikaribia kumuua. Mimi naona anakuza mambo. Mtu kalewa, kalala, kaamka. Nani yuko sahihi?
*Kijana wa Mwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Dada yake yuko sahihi, na ukimwona mwambie nimesema hivyo.

Nimeuguza miaka 31, nyingi kati ya hiyo ni zamu za usiku. Alfajiri moja waliingia vijana wanne wamembeba mwenzao kwenye shuka, kila mmoja kashika pembe yake. Wa tano alikuja nyuma na ndoo. Niligusa mkono wa yule aliyebebwa, nikajua. Matapishi yalikuwa yamekauka kuanzia pembe ya mdomo mpaka sikioni. Hayo ndiyo yaliyopata njia ya kutoka, mengine yalishuka kwenye njia ya hewa. Alilala chali kama rafiki yako. Ndoo ilikuwa safi, haina hata tone. Yule aliyeibeba alinirudia mara tatu: "Lakini nesi, ndoo tulimwekea." Walimjali mwenzao. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba aliyezimika kwa pombe hawezi kuinuka kuifuata ndoo.

Sasa sikiliza hesabu ya usiku wenu. Chupa mbili za namna hiyo, zikiwa na kilevi cha asilimia 35, zina takriban gramu 140 za kilevi chenyewe. Ini la mtu mzima husaga kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na haliongezi mwendo kwa kahawa, kwa supu, kwa limau wala kwa maji ya baridi. Piga mwenyewe uone: kazi ya saa 14 na zaidi. Halafu alikunywa yote ndani ya nusu saa juu ya chapati moja. Alipozima saa tano, pombe nyingine bado ilikuwa tumboni inaendelea kuingia kwenye damu. Maana yake, mlipomlaza mkadhani ameshafika mwisho wa ulevi wake, alikuwa bado anapanda. Hapo ndipo ile kauli ya "mwacheni alale, itamtoka yenyewe" inapoua watu. Pombe ikizidi inalaza ubongo sehemu kwa sehemu, na mwisho inafika kwenye sehemu inayoendesha pumzi na ile inayomfanya mtu akohoe kitu kikipita pabaya.

Kukoroma kule kulikowapa moyo ndiko kungenitoa mimi kitini. Mlevi aliyezima akikoroma kwa sauti nzito, au kama maji yanachemka kooni, mara nyingi ulimi umelegea na unaziba njia.

Utajuaje kama mtu amelala au ana sumu ya pombe mwilini? Mwite jina kwa nguvu. Mfinye ndewe ya sikio, pale chini penye nyama laini. Msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Aliyelala atakutukana au atausukuma mkono wako. Asiposhtuka, au akigugumia tu na kuzama tena, huyo ni wa hospitali, msisubiri dalili nyingine. Kisha tazama kifua, shika simu yenye saa, hesabu pumzi dakika nzima. Zikiwa chini ya nane, au ukiona anakaa sekunde kumi bila kuvuta, kila dakika ina thamani. Rangi ya ngozi zetu inaweza kukudanganya gizani, kwa hiyo mulika tochi ya simu kwenye midomo, ufizi na kucha: vikiwa vimepauka au vina rangi ya bluu, hewa haimtoshi. Mwili wa baridi na wenye jasho, kutapika akiwa hajitambui, degedege, zote hizo ni ishara zile zile. Usingoje zikusanyike.

Mlazeni ubavu. Nakueleza polepole kwa sababu siku ya siku hutakuwa na muda wa kusoma. Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni, ukunje kwenye kiwiko. Mkono wa pili uvushe kifuani, mgongo wa kiganja ukae chini ya shavu lake. Kunja goti la upande wa mbali, livute kuja kwako, naye atageuka mwenyewe hata kama ni mzito. Rudisha kichwa nyuma kidogo, mdomo utazame chini, ili akitapika yatoke nje. Mfunike khanga au blanketi. Mtu mmoja ambaye hajalewa akae naye muda wote, mkono mgongoni, anasikiliza pumzi. Pumzi zikikata kabisa, mgeuzeni chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mkipokezana, mpaka mfike kwa wahudumu.

Maji mliyommwagia yalimpunguzia joto, na pombe ilikuwa tayari inampunguzia. Kahawa ile, bahati yake ilimwagikia shingoni. Msimpe chochote mtu ambaye hawezi kushika kikombe mwenyewe, wala msimtie vidole kooni atapike. Msimpandishe mshikaki kwenye bodaboda, kidevu kitaanguka kifuani na kuziba pumzi njiani. Tafuteni bajaji au gari, alale ubavu, kichwa kwenye mapaja ya mmoja wenu. Hospitalini tutapima sukari pia, maana pombe kwenye tumbo tupu huishusha, na hiyo peke yake inaweza kumzimisha mtu au kumpa degedege.

Najua kingine kilichowafunga miguu: wazazi, polisi, aibu. Nesi akiuliza "amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, kuna vidonge alimeza?" anatafuta namna ya kumtibu. Mjibuni ukweli wote, mchukue na chupa.

SWALI: Shikamoo dada. Baba mdogo alikunywa gongo kwenye msiba. Siku hiyo alikuwa mlevi wa kawaida, akalala, akaamka. Kesho yake jioni akaanza kusema anaona ukungu mweupe, tumbo linauma, anahema kama aliyekimbia. Tulidhani ni uchovu wa pombe, tukampa maziwa. Tulipompeleka hospitali siku ya tatu alipona, ila macho hayakurudi. Mtaani wanasema amerogwa.
*Msomaji wa Babati*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Ulivyoeleza inafanana mno na sumu ya methanoli, pombe ya viwandani ambayo wauzaji wasio na huruma huongeza ili kinywaji kiwe kikali. Haina harufu wala ladha ya kuitambua, na kuwasha kiberiti uone rangi ya moto si kipimo. Ikiingia mwilini inageuka taratibu kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Ndiyo maana mtu anakuwa mzima saa 12 hata 24, kisha ukungu unamjia. Hakuna mkono wa mtu hapo zaidi ya ule uliochanganya dumu. Nairobi mwaka 2000 na Kabale, Uganda, mwaka 2010 iliua watu wengi kwa mkupuo, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu.

Maziwa hayaitoi. Hospitalini ipo dawa ya kuzuia isigeuke asidi, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini saa zinahesabika. Kwa hiyo mtu akilalamika macho baada ya kunywa, muwahisheni hospitali hata kama anatembea na kuongea vizuri. Kisha wazungukieni wote waliokunywa kutoka dumu lile lile, mmoja mmoja, hata yule mtakayemkuta shambani analima na kuwaambia hana tatizo.