Maswali ya Wasomaji: Shairi la Rubani Ukutani

SWALI: Kikundi chetu hapa Moshi kinarekodi igizo. Mhusika mkuu ni rubani, na sebuleni kwake, fleti ya kupanga, kuna shairi limeandikwa ukutani kwa rangi. Tulijaribu: herufi zikachuruzika, mistari ikapanda kulia. Tufanyeje?

JIBU: Anzeni na ukuta. Pitisheni kiganja, kikitoka na unga mweupe, hapo pana chokaa au rangi iliyochoka, na chochote mtakachoandika juu yake kitabanduka. Futeni kwa kitambaa kibichi, acheni pakauke, pakeni praima, yaani rangi ya msingi. Ukuta unaong'aa ukwaruzeni kwa msasa namba 220.

Kuchuruzika kunatokana na maji mengi. Sehemu 1 ya maji kwa 10 za rangi yatosha. Tumieni rangi ya maji isiyong'aa, kwani ya mafuta hurudisha mwanga kwenye kamera. Robo lita inatosha shairi zima, kwa kupaka mara mbili, mkipumzisha saa 2 hadi 4 katikati.

Sasa mpangilio, ambako wengi hukosea. Shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mshororo, lina vina vya kati na vya mwisho, kwa hiyo liandikeni kwa safu mbili, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) kushoto na utao (nusu ya pili) kulia, ili vina vya kati visimame wima. Chukueni mshororo huu:

Mlima u kushotoni, theluji yake yang'ara

Ukiondoa mkato na nafasi ya katikati, zinabaki nafasi 38, ukihesabu herufi, ritifaa na mianya kati ya maneno. Ukuta wa mita 3, ukiacha sentimita 30 kila upande, unabaki na 240. Kila nafasi ipeni sentimita 6, jumla 228. 12 zilizobaki ndizo pengo kati ya safu. Mshororo hadi mshororo, sentimita 18. Pigeni mistari kwa uzi wa chaki na pima maji. Msifuate dari, maana dari nyingi zimepinda. Andikeni kwanza kwenye karatasi, toboeni matundu pembezoni mwa herufi, ibandikeni, kisha gongagongeni kwa kitambaa chenye unga wa mkaa ili upite matunduni na kuacha alama za kufuata kwa brashi.

Jambo moja la hadithi: mshororo huo unamfaa rubani anayepaa kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuelekea mashariki, Kilimanjaro ikiwa kushoto. Akipaa kuelekea magharibi, anaouona ni Meru, tena kulia. Watazamaji wa huku watawacheka mkikosea.

SWALI: Mwenye nyumba anataka ukuta wake mweupe. Tumepaka mara mbili, herufi bado zinaonekana.

JIBU: Kinachoonekana ni kingo za rangi zilizoinuka. Sugueni kwa msasa hadi kidole kisizihisi, pakeni praima, kisha rangi mara mbili. Kama mlichora kwanza kwa kalamu ya maka, rangi ya maji haitaufunika wino. Utapenya kila mara. Hapo inatakiwa praima ya mafuta. Safari nyingine choreni kwa penseli.