Mgeni Asiyepewa Jembe

Mtoto wa shangazi kaniuliza kwenye kundi la familia, mbele ya watu wote, swali ambalo wengine mmekuwa mkiniuliza pembeni: "Dada, niuze kile kiwanja cha Chanika nije Guangzhou, huko China? Usinizungushe, niambie ukweli kukoje." Mama mdogo naye akadakia: kama huko ni kugumu mbona sirudi, na kama ni kuzuri mbona sijamvuta hata mtu mmoja? Naandika kwa kirefu, maana vile vipande vya sauti vya dakika mbili kila mtu anasikia anachotaka kusikia.

Kiwanja usiuze. Sasa nieleze.

Wanaonijua wanajua mimi, wakala wa kununulia watu mizigo, sikuanzia China. Biashara ya Kariakoo ilitutembeza. Kwanza Dubai, pale Deira, tukinunua bidhaa zilizokwisha kupita mikono miwili mitatu. Kisha Bangkok, eneo la Pratunam, kwenye nguo. China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, watu wakajiuliza kwa nini tumnufaishe mtu wa kati na kiwanda kipo. Wapo Waafrika waliofika Guangzhou wakitokea Jakarta na Bangkok baada ya uchumi wa huko kuyumba mwaka 1997. Ndiyo maana mtaa wa Xiaobei, wilaya ya Yuexiu, unasikia Kilingala, Kihausa, Kibambara na Kiswahili kabla hujafika kona ya pili, na Wanaijeria wamejaa zaidi upande wa Sanyuanli.

Kila nilipopita nilijifunza adabu ya mahali. Thailand usimwelekezee mtu nyayo, usimshike mtu kichwani, na habari za mfalme usizitie mdomoni kabisa. Kifungo chake ni cha miaka. Muscat nilikuta wazee wenye Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, familia zilizoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zikahamia huko Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970. Ukikaa nao barazani na kahawa unasahau uko nchi gani. Lakini ukienda kutafuta kazi, kibali chako kinafungwa kwa mwajiri, na dada zetu wa kazi za ndani wanalijua hilo kwa machungu.

China haina mwajiri wa kukushikia pasipoti. Ina kitu kingine. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku unaweza kula mezani mwao miaka ishirini, wakakuita rafiki, wakakualika harusini, na jembe wasikupe. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni maelezo.

Jembe ninalosema ni haki ya kufanya kazi na kukaa. Viza ya biashara inakupa siku chache za kukaa, mara nyingi 30, unatoka. Ya mwanafunzi ni ya kusoma. Ya kazi inataka kampuni iliyosajiliwa ikuombee, uwe na shahada na uzoefu. Kufundisha Kiingereza, ambako vijana wengi mnakuota, kwa kawaida wanataka mtu aliyetoka nchi ambayo Kiingereza ndiyo lugha ya mama. Wewe na shahada yako ya Mlimani unaishia kupewa kazi ya mlango wa nyuma. Ukioa au kuolewa na Mchina unapata kibali cha familia, nacho peke yake hakikuruhusu kuajiriwa. Ukaazi wa kudumu upo kwenye vitabu, wanaoupata ni wachache mno. Na uraia wa nchi mbili hawautambui, kama sisi tu tusivyoutambua.

Sheria yao ya wageni ilianza kazi Julai 2013, na haina mchezo. Ukifika kwenye nyumba ya kupanga una saa 24 za kujiandikisha polisi. Viza ikiisha ukabaki, faini inaweza kufika yuani 500 kwa siku hadi 10,000, au wakuweke ndani. Kufanya kazi bila kibali ni yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, mahabusu siku kadhaa juu yake. Ukifukuzwa rasmi, miaka 10 huingii. Nimewaona vijana wa kwetu wakihama chumba hadi chumba, wakitoka usiku kununua chakula, ngazi ikilia wanazima taa. Huko nyumbani mama zao wanajua mtoto yuko China anatafuta maisha. Na akipewa "begi la mtu" alipeleke mahali ili alipwe, sitaki hata kumalizia. Adhabu ya kifo kwa dawa za kulevya ipo na inatekelezwa. Hong Kong hawanyongi, wanafunga miaka mingi, na humo magerezani wamo Watanzania ambao wamewahi kuandika barua kuwasihi wenzao wasithubutu.

Sasa, mtu akisoma hapa atadhani ni chuki dhidi yetu tu. Chuki ipo, nitaifikia. Lakini angalia upande huu pia. Yule dada wa kiwandani anayeshona begi lako katoka Hunan au Sichuan. Yuko ndani ya nchi yake, ila daftari la ukaazi wake limeandikwa kijijini kwao, kwa hiyo mtoto wake kupata shule ya serikali mjini ni kazi kweli kweli. Anamwacha kwa bibi, anamwona mara moja kwa mwaka. Nilipolielewa hilo nikaacha kushangaa kwa nini mwaka mpya wao, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na karibu tarehe 20 Februari, unafunga nchi nzima. Wiki kadhaa kiwanda kimya, simu haipokelewi. Wafanyabiashara wa Kariakoo hulalamika mzigo umechelewa. Mwenzio anamfuata mwanawe!

Kuhusu watu wenyewe: ni wakarimu kwa namna yao, na namna hiyo huionji dukani, unaionja mezani. Mwenye kiwanda hakuambii "hapana". Atasema tutaangalia, atasema jambo hili lina ugumu kidogo, halafu atakumiminia chai. Ukimlazimisha mbele ya vijana wake umemvunjia heshima na bei yako imekufa hapohapo. Mtu wa pwani analielewa hili bila kufundishwa. Ni wale waliozoea kubishana kwa sauti ndio wanaopata tabu. Kadi ya biashara unapokea kwa mikono miwili. Mkubwa anakaa kwanza, anahudumiwa kwanza. Guangzhou mtu akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, hiyo ni sadaka ya wafu. Na pombe yao ya mtama, ile kali, kama hunywi sema mapema kabla glasi hazijajazwa. Mimi nasema dini hainiruhusu na hakuna aliyewahi kuninunia.

Wazee ndio ninaowapenda zaidi. Asubuhi wanajaa kwenye mikahawa ya chai na vitafunwa vya mvuke, gazeti mkononi, muda wa saa tatu meza moja, hakuna anayewaondoa. Jioni kina mama wanacheza ngoma uwanjani kwa spika, mamia. Ukimwambia mzee wa miaka sabini kwamba wewe ni Mtanzania, mara nyingi atataja reli. TAZARA waliijenga kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, na kuna waliozikwa kwetu, makaburi yao yako Gongo la Mboto. Mjukuu wake hajui Tanzania iko wapi, anauliza kama tuna simba mitaani.

Chakula hakikusumbui kama wanavyotisha. Wachina Waislamu wa Kihui wana migahawa ya tambi za kuvuta kila mtaa, halali, bei ya mtu wa kawaida. Xiaobei ugali upo. Siku ya Ijumaa nenda Huaisheng, msikiti wa zamani kabisa wenye mnara mweupe, uwaone watu wa mataifa yote kwenye safu moja. Kinachosumbua ni unyevu. Mwezi wa tatu kuta zinatoka jasho, viatu vinaota ukungu kabatini, nguo haikauki wiki nzima. Mtu wa Tanga atajiona nyumbani. Wa Iringa atalia.

Na usalama, hapa lazima niwape haki yao. Natembea saa nane usiku na mkoba begani, mwanamke peke yangu, siogopi. Kamera kila kona, ndiyo, wanakuona kila unapopita. Kila mtu achague anachokiogopa. Pesa taslimu karibu imekufa: muuza mchicha anakuonyesha alama ya kuskani kwa WeChat au Alipay. WhatsApp na Google zimefungwa, unapita kwa VPN, programu ya kuzunguka kizuizi, na ikigoma ndipo mnaposema nimewatupa.

Kuhusu rangi. Kuna kushikwa nywele na kupigwa picha ndani ya treni. Hilo mara nyingi ni ushamba tu, na mwisho wake ni kucheka. Kuna teksi inayokuona ikaongeza mwendo. Kuna mwenye nyumba anayekubali kwenye simu, akikuona anakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Hilo si ushamba. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi na kwenye hoteli, wakalala barabarani, wakati wenye asili nyingine wakipita. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing waliandika barua ya kulalamika kwa pamoja. Wapo Wachina waliotuletea chakula usiku ule, nao wasisahaulike. Lakini wengi walioondoka hawakurudi. Mpaka nao ukafungwa hadi Januari 2023, na Xiaobei ya leo siyo ile mliyosimuliwa. Maduka yamepungua, na biashara nyingi sasa mteja anaimalizia kwenye simu akiwa Msimbazi.

Hilo ndilo linaloniuma wakala kama mimi, na ndilo linalompunguzia sababu kijana wa kuja. Zamani ulilipwa kwa kujua njia. Siku hizi mwenye kiwanda anaongea na mteja wangu moja kwa moja, programu inamtafsiria. Kazi iliyobaki ni ya macho: kwenda kiwandani kabla asilimia 70 iliyobaki baada ya malipo ya awali haijalipwa, kufungua katoni za katikati (za mbele huwa nzuri siku zote), kupima, kuhesabu, kusimamia kontena linapofungwa. Na mniruhusu niseme jambo ambalo Kariakoo hawapendi kulisikia. "Vitu vya Mchina ni vibovu" ni maneno ya mtu asiyekaa kwenye mazungumzo ya bei. Kiwanda kinatengeneza kwa bei unayotaja. Pasi ileile ya dola nane, mteja akisema anataka kwa tatu, hawakatai: wanapunguza shaba ya waya, wanapunguza uzito wa chuma, wanabadilisha plastiki. Wanakuuliza, unakubali, wanaandika. Mzigo ukifika Dar unaungua, lawama kwa Mchina. Mimi nimekaa kwenye viti hivyo nikitafsiri, na aliyesema "punguza tena" alikuwa mwenzetu.

Mama mdogo, kwa nini sirudi? Kwa sababu wateja wangu bado wako, na kwa sababu nikirudi na mkoba mdogo mtaniuliza kontena liko wapi. Picha zile za mnara wa Canton (ndilo jina la zamani la Guangzhou), mita 600 za taa, nimepiga nikiwa chini. Juu ni kiingilio. Tunaishi wawili chumba kimoja, amana miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, ambayo kusema kweli ni nafuu kuliko mwenye nyumba wa Sinza anayetaka miezi sita. Nikiugua hospitali nalipa kwanza ndipo nionwe. Ndiyo, nimejenga. Nimejengea huko, si huku, kwa kuwa huku sina pa kuchimba msingi. Na sijamvuta mtu kwa sababu kumvuta mtu aje kujificha si kumvuta.

Sasa wewe mtoto wa shangazi. Kama unataka kusoma, omba ufadhili wa serikali yao kupitia vyuo, jifunze lugha mwaka wa kwanza barabara, na urudi nayo. Mwenye Kichina safi Dar hakosi kazi kwenye ujenzi au maghala. Kama unataka biashara, kiwanja kibaki. Njoo Oktoba wakati wa maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika tangu 1957, Aprili na Oktoba, kwa viza yako halali na tiketi ya kurudi. Njoo na mtaji wa kuchangia kontena na wenzako, ukubwa wa kabati moja unatosha kwa kuanzia. Tutazunguka Foshan kwa vigae na samani, halafu treni hadi Yiwu kwa vitu vidogo. Utaona, utanusa bei, utarudi. Mzigo utakukuta baada ya mwezi na ushee.

Unilipe ada ya wakala kama wengine. Chumba utalala kwetu. Dagaa usibebe, uwanja wa ndege wanawachukua, unga tunao.