Kiwanda kinataka kunisajilia alama yangu China: nikubali?

Swali

Wakili, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Kwa miaka 3 sasa naagiza taa za sola, chaja za simu na spika ndogo kutoka kiwanda kimoja cha Guangdong, zikiwa na jina langu mwenyewe kwenye bidhaa na kwenye boksi. Mwaka jana nilipata cheti cha alama ya biashara BRELA. Sasa dada wa mauzo wa kule kiwandani ananiambia kuna watu wanasajili majina ya wateja wa Afrika, na kwamba wao wako tayari kunisajilia langu kwa jina la kiwanda, bure, kwa kuwa mgeni hawezi kusajili China. Mdogo wangu aliyeko Guangzhou naye amepata wakala wa kulipia. Kwani cheti cha BRELA hakinilindi huko? Na kama ni lazima kusajili, nimfuate nani? Kontena langu linalofuata linapakiwa mwezi ujao.

Jibu

Ndugu yangu, usikubali alama yako isajiliwe kwa jina la kiwanda. Hata kama ni bure, hata kama mmefanya kazi vizuri miaka yote hiyo 3. Mengine yasome taratibu, lakini hilo mjibu dada huyo leo.

Cheti cha BRELA kinaishia mpakani. Tena mpaka wenyewe ni wa Tanzania Bara tu. Ukitaka ulinzi Unguja na Pemba unasajili upya Zanzibar, kwa BPRA, maana wana sheria yao. Kila nchi ina daftari lake la alama, na daftari la China linampa haki yule aliyetangulia kupeleka maombi. Miaka uliyoitumia kulijenga jina lako Kariakoo haimzuii mtu mwingine kuliandikisha Beijing kesho asubuhi.

Najua unachojiuliza, kwa sababu karibu kila mwagizaji huniuliza: mimi siuzi China, nanunua tu na kuondoka, nisajili ya nini? Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu kidogo. Mahakama kadhaa za China zilikuwa zikisema bidhaa inayotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje tu haimgusi mwenye alama aliyeko ndani. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Watu ya China iliamua kesi ya Honda dhidi ya kampuni iliyotengeneza pikipiki zenye jina la HONDAKIT kwa ajili ya Myanmar. Hakuna pikipiki hata moja iliyokusudiwa kuuzwa China. Mahakama ikasema kutengeneza na kubandika jina kwenyewe ni kuitumia alama, na kampuni ile ikashindwa.

Liunganishe hilo na kazi ya forodha. Forodha ya China haikagui mzigo unaoingia peke yake. Inakagua pia unaotoka. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kuiandikisha kwenye kumbukumbu za forodha, uandikishaji unaodumu miaka 10, na afisa akikutana na jina hilo kwenye mzigo wa mtu mwingine anamtaarifu mwenye alama, naye anaomba mzigo uzuiwe. Maana yake ni kwamba jina lako likiwa mikononi mwa mtu mwingine, kontena ulilokwisha kulilipia linaweza kukwama bandari ya Nansha au Yantian kabla halijapanda meli. Utakuwa na risiti zote za benki na cheti chako cha BRELA, na mzigo usiondoke.

Kwa hiyo onyo la dada wa mauzo ni la kweli. Dawa anayokupa ndiyo mbaya. Simsingizii hila; huenda bosi wake anataka tu kumfunga mteja mzuri asihame. Mteja wangu mmoja, muuza chupa za chai, alikubali mpango wa namna hiyo. Baadaye vifuniko vikaanza kuvuja, akataka kuhamia kiwanda kingine, akaambiwa ahame peke yake, jina linabaki. Na kisheria lilikuwa linabaki kweli. Alilinunua jina lake mwenyewe kwa pesa ambayo ingesajili alama 20.

Hata wakubwa wameteleza hapo hapo, penye jina la mwenye mali. Mwaka 2009 Apple, kupitia kampuni iliyoundwa kwa ajili hiyo, ilinunua alama za IPAD kutoka tawi la Taiwan la Proview, kampuni iliyokuwa na jina hilo kabla yake, kwa pauni 35,000. Usajili wa China bara ulikuwa umeandikwa kwa jina la Proview ya Shenzhen, siyo ya Taiwan. Kesi ikaunguruma, na mwaka 2012 Apple ikalipa dola milioni 60 kuimaliza. Makubaliano yalikuwepo, malipo yalikuwepo, ila jina kwenye daftari lilikuwa la mwingine.

Sasa hili la kwamba mgeni hawezi kusajili. Anaweza. Asichoweza mgeni asiye na makazi wala ofisi China ni kupeleka maombi kwa mkono wake. Sheria yao inamtaka apitie wakala wa huko aliyeandikishwa kihalali na CNIPA, mamlaka ya miliki ubunifu ya China. Wakala anapeleka, wewe unabaki mmiliki. Mimi pia siruhusiwi kupeleka maombi China. Ninachofanya ni kuandaa nyaraka hapa, kumwagiza wakala wa kule, na kusimamia tarehe. Ukipata wakala mzuri moja kwa moja, mimi si lazima.

Nyaraka zenyewe hazitishi: nakala ya pasipoti kama unasajili kwa jina lako, au ya cheti cha kampuni kama ni kampuni, hati ya uwakala uliyoitia saini, ambayo kwa hatua hii haihitaji muhuri wa mthibitishaji, picha safi ya alama, na orodha ya bidhaa. Watahitaji pia jina la mwombaji kwa Kichina. Muulize wakala ameliandikaje, ulihifadhi, na lisibadilike katika kila ombi la baadaye. Na kama alama ya BRELA iko kwa jina la kampuni, ya China nayo iwe ya kampuni hiyo hiyo. Kuchanganya mmiliki huku na kule kutakusumbua siku ya kuthibitisha kwamba zote ni mali ya mtu mmoja.

Sehemu inayomtofautisha wakala hodari na mjaza fomu ni orodha ya bidhaa. Dunia nzima, Tanzania ikiwemo, inagawa bidhaa na huduma katika madaraja 45 ya mfumo wa Nice. Taa zako za sola ziko daraja la 11, chaja na spika daraja la 9. Lakini China imekwenda mbele ikagawa kila daraja katika vikundi vidogo, kila kimoja na namba yake. Ndani ya daraja la 9, simu ziko 0907, spika 0908, betri na chaja 0922. Mchunguzi anapolinganisha alama mbili huanza na vikundi hivyo. Ukisajili spika peke yake ukadhani umeshika daraja lote la 9, mtu mwingine anaweza kupata jina lile lile kwa chaja, na wote wawili mkawa na vyeti halali. Nimeona vyeti vya namna hiyo: vizuri kwa macho, ila bidhaa inayomuingizia mteja pesa nyingi kuliko zote haimo.

Ndiyo maana nakusihi umpe wakala orodha ya unachouza leo na ya unachotarajia kuagiza miaka 2 au 3 ijayo, kisha umtake akuandikie namba ya kikundi mbele ya kila bidhaa. Ada ya serikali kwa ombi la mtandaoni ni yuan 270 kwa daraja moja, bidhaa zisizozidi 10. Kila bidhaa inayozidi huongezwa yuan 27. Yuan 270 haifiki dola 40. Nafasi hizo 10 ni zako, zitumie kugusa vikundi vingi kadiri inavyofaa. Kwa madaraja yako 2 ada ya serikali ni yuan 540. Kinachozidi hapo ni ujira wa wakala. Ujira ni haki yake, ila mwambie atenganishe vitu hivyo viwili kwenye ankara, na aseme mapema atatoza nini alama ikikataliwa au ikipingwa.

Kuhusu wakala aliyepatikana na mdogo wako, sina sababu ya kumkataa. Mwombe jina kamili la kampuni yake kwa Kichina, tulitafute kwenye orodha ya mawakala iliyoko CNIPA. Muulize kama atafanya utafutaji wa alama zinazofanana kabla ya kupokea pesa ya usajili. Akikwambia “usiwe na wasiwasi, itapita tu,” tafuta mwingine. Hakuna mwanasheria wa alama anayeweza kuahidi hivyo. Na ombi likishapelekwa, dai hati ya kupokelewa yenye namba ya ombi, uisome mwenyewe palipoandikwa mwombaji. Daftari la CNIPA liko wazi mtandaoni, unaweza kuingiza namba hiyo ukaona jina ni la nani.

Kuna tarehe ambazo hazina huruma. Ombi likikataliwa, una siku 15 tu tangu taarifa ipokelewe kuomba lipitiwe upya. Taarifa inampata wakala, inatafsiriwa, inakufikia wewe uko sokoni, siku 6 zimeshapotea. Mkubaliane mapema kwamba taarifa yoyote inakuja kwako kwa WhatsApp au WeChat siku hiyo hiyo. Likipita, linatangazwa kwa miezi 3 ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha alama inasajiliwa kwa miaka 10. Kisheria uchunguzi hauzidi miezi 9. Siku hizi huchukua takriban 4. Kwa BRELA, kumbuka, kipindi cha kwanza ni miaka 7, ndipo unahuisha kwa miaka 10 kila mara, hivyo usiziweke tarehe hizo mbili kwenye kalenda kana kwamba ni moja.

Umeniandikia kwamba ulipata cheti mwaka jana. Chini ya Mkataba wa Paris, ambao Tanzania na China ni wanachama, ombi la hapa lingeweza kukupa nafasi ya kutangulia China kwa miezi 6. Inahesabiwa tangu siku ya kupeleka ombi la kwanza, siyo siku ya cheti, kwa hiyo kwako imekwisha. Mkenya au Mnyarwanda ana njia nyingine ya kupeleka ombi moja kwa nchi nyingi kupitia mfumo wa Madrid; Kenya imo tangu 1998 na Rwanda tangu 2013. Sisi hatumo. Hata wao, kwa China, huwa nawashauri waende moja kwa moja, kwa sababu ya vile vikundi vidogo.

Utashauriwa pia usajili jina la Kichina la alama yako. Kwa anayeuza China ni jambo zito; Michael Jordan alihangaika miaka mingi mahakamani kwa ajili ya herufi za Kichina za jina lake. Wewe huuzi huko. Weka pesa hiyo kwenye madaraja 2 kwanza. Na ukiletewa barua pepe kwamba kampuni fulani inataka kusajili jina lako na tovuti ya China, hivyo ulipe haraka, ifute. Huo ni utapeli wa siku nyingi.

Sasa kontena la mwezi ujao. Utafutaji ufanyike wiki hii, kabla kiwanda hakijachapa maboksi. Jina likiwa huru kwenye vikundi vyako, peleka ombi siku hiyo hiyo, na mzigo uendelee. Ila boksi lisiwe na ile R ndani ya duara, kwa kuwa kule ni kosa kuitumia kabla ya kusajiliwa.

Jina likikutwa limeshikwa, tazama ni nani na tangu lini. Kama bado liko kwenye miezi 3 ya kutangazwa, tunaweka pingamizi. Kama limeshasajiliwa na kiwanda chako au mtu mliyefanya naye biashara, sheria ya China inakataza mtu kujisajilia alama ya mshirika wake anayemfahamu, na unaweza kuomba usajili huo ubatilishwe ndani ya miaka 5. Ushahidi wake ni profoma (ankara za awali) zenye jina lako, risiti za TT, yaani za kutuma pesa kwa benki, bili za shehena, na mazungumzo ya WeChat mliyojadiliana nembo. Usibadilishe simu wala kufuta WeChat kabla hujayahifadhi hayo. Alama isiyotumika miaka 3 mfululizo nayo inaweza kuombewa kufutwa, kwa hiyo aliyeishika bila kutengeneza chochote hayuko salama sana.

Lakini kesi hizo zitachukua muda kuliko meli yako. Jina likiwa la mtu mwingine, kiambie kiwanda kipakie mzigo huu bila jina lolote, bidhaa na maboksi vikiwa vitupu, na stika uchape na kubandika hapa Dar es Salaam, ambako cheti chako cha BRELA kinafanya kazi. Utalipa vibarua wa kubandika, na wateja watauliza kwa nini boksi limebadilika. Nitumie picha ya alama na profoma ya mwisho, tuanze na utafutaji.