Tab zilivyogeuka tabu: navyopanga indenti kwenye Vim

Aisee kitu kilichonila mda kwenye kodi wala sio bagi, ni nafasi tupu, zile za indenti zinazosogeza mstari ndani. Tulikuwa watatu kwenye projekti ya Python, mmoja anabonyeza Tab, mwingine anaweka spesi nne, mi nakopi kotekote, halafu naendesha programu naletewa TabError, yaani Python inalalamika Tab na spesi zimechanganyika. Naangalia kwenye skrini kila kitu kimenyooka kama rula!

Sasa ukikutana na hiyo usianze kufuta mstari mmoja mmoja. Kwenye Vim, edita ninayoandikia kodi, andika `:set list`, ile Vim ya kawaida Tab zinajitokeza kama ^I na mchawi unamwona.

Halafu kuna hizi setingi watu wanazichanganya. tabstop ni upana Tab inavyoonekana tu, Vim inakuja na 8, ukiibadilisha umebadili miwani, faili liko vilevile. Hatua ya kuingiza mstari ndani ni shiftwidth, inayofanya ukibonyeza Tab ziandikwe spesi ni expandtab, na softtabstop inasema ziwe spesi ngapi. Kwa Python mi naweka hivi na tabstop siigusi kabisa:

`setlocal expandtab shiftwidth=4 softtabstop=4`

Kwa zile Tab za zamani zilizoko tayari kwenye faili kuna `:retab` ya kuzigeuza spesi, ila hapa nisikilize vizuri maana ilinitia aibu. Programu yetu ilikuwa inatoa faili la data lililotenganishwa kwa Tab, na mi kwa uvivu niliandika Tab yenyewe ndani ya nukuu badala ya `\t`, alama inayosimama badala ya Tab kwenye kodi. Nikapiga retab faili zima, ikazigeuza spesi na hizo pia, haichagui, mteja akafungua akakuta safu zote zimerundikana kwenye safu moja. Na kwa vile nilikuwa nimeichanganya na kazi nyingine kwenye komiti moja (yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa pamoja kwenye Git), kutafuta kosa liko wapi ilikuwa kama kuchambua mchele usiku umeme umekatika. Siku hizi usafi wa nafasi una komiti yake peke yake, na nikikagua natumia `git diff -w` ambayo haihesabu mabadiliko ya nafasi.

Kupanga alama za = zisimame sambamba ni habari nyingine. Nilipoipata plagini ya vim-easy-align nililewa, nachagua mistari, `:EasyAlign =`, zinajipanga kama gwaride. Tamu sana, mpaka siku nimeongeza jina moja refu ikabidi mistari yote ya jirani isogee, mtu anayekagua anaona mistari ishirini imebadilika wakati nimeongeza mmoja. Kumbe hata PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, inakataza. Sikuifuta lakini, kwa jedwali za Markdown, zile zinazochorwa kwa alama za |, haina mpinzani, chagua jedwali kisha `:EasyAlign *|` umemaliza.

Mabishano ya watatu wetu yaliisha kwa faili la `.editorconfig` kwenye folda ya projekti, linaloziambia edita indenti iweje, Neovim (ndugu yake Vim) kuanzia 0.9 inalisoma yenyewe bila plagini, na wenye edita nyingine nao wanafuata hilohilo. Ila Makefile, faili la maelekezo ya programu ya make, ambalo linataka Tab halisi, lipe sehemu yake yenye `indent_style = tab`, ukilisahau make inakuambia missing separator na utakaa unaitafuta hiyo separator mpaka chai ipoe.