Darasa la bati lisilo na mtego wa radi: tufanye nini?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita. Madarasa yetu ni ya matofali na bati, hayana mtego wa radi. Wazazi wengine wanasema bati ndilo linalovuta radi, wengine wanataka tufunike vioo na tuwakataze watoto nguo nyekundu. Ukweli ni upi, na tufunge nini?

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kuuliza mapema. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi sana duniani. Mchana upepo wa ziwani huingia nchi kavu, hewa yenye joto hupanda, na alasiri mvua hushuka na radi. Usiku upepo hugeuka, dhoruba zikahamia ziwani waliko wavuvi. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja huko huko Geita. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, Uganda.

Vioo na nguo nyekundu havihusiki kabisa. Bati nalo halivuti radi. Ubaya wa bati lenu ni kwamba halijaunganishwa na ardhi. Umeme ukitua juu ya paa lazima ushuke, na ukuta wa matofali haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo huruka kutoka kwenye bati au nondo za dirisha na kumpitia mtoto aliye karibu. Halafu kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii: ukishafika chini, umeme husambaa ardhini, huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Ndiyo maana radi moja huua ng'ombe wengi waliojikinga chini ya mti. Miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali, na tofauti ya volti kati yake ni kubwa.

Mtego wa radi kazi yake si kuzuia radi isipige, ni kuupa umeme njia. Juu panakuwa na vyuma vya kupokea. Waya nene, angalau milimita za mraba 50 kama ni shaba, hushuka pande mbili au zaidi za jengo, mbali na milango. Chini zinaungana na vyuma vilivyopigwa ardhini na waya unaolizunguka jengo lote, umefukiwa nusu mita au zaidi. Bati na nondo za madirisha viunganishwe humo pia. Nimeona shule zenye fimbo moja juu ya paa na kijiwaya chembamba kilichoishia kwenye kifusi. Hiyo si kinga, na inawapa walimu imani isiyo na msingi. Mdai fundi apime ukinzani wa ardhi, yaani kiasi ambacho udongo unazuia umeme kupita, mbele yenu. Hupimwa kwa omu, na tunalenga usizidi omu 10. Mkaguzi arudi kila mwaka, maana wezi wa vyuma chakavu hukata shaba. Kama wizi umezidi kwenu, sehemu za juu zinaweza kuwa za chuma kilichopakwa zinki badala ya shaba.

Kwa sasa, ngurumo ya kwanza ikisikika watoto watoke uwanjani, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wasikimbilie chini ya mwembe. Basi la shule lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni salama kuliko darasa lenu. Kama hakuna gari, wakae katikati ya chumba, mbali na kuta na nondo, miguu pamoja, bila kushikana. Hilo hupunguza hatari kidogo tu, Mwalimu, halichukui nafasi ya mtego.

Mtoto akipigwa, mshikeni bila woga. Mwilini mwake hakubaki umeme. Radi huua zaidi kwa kusimamisha moyo na pumzi, kwa hiyo anzeni na wale wanaoonekana wamekufa. Msukumeni kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkimpulizia pumzi, na msiache mpaka mhudumu wa afya afike.