Kibao cha kunasa mwandiko: unachora, au unaandika mihtasari?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kununua kile kibao kinachonasa mwandiko na michoro kutoka karatasi ya kawaida, au simu ya kupiga picha inatosha. Inategemea unaandika nini. Mimi nachora ramani za nyumba hapa Kigoma, natumia Bamboo Slate ya Wacom na siiachi. Ila jamaa yangu ambaye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa nilimwambia hela yake atulie nayo.

Mteja ana kiwanja Mwandiga au Gungu, ardhi imeinama, anataka aone palepale ngazi zitakaa wapi na choo kitaangalia upande gani. Naweka karatasi ya rimu juu ya kibao, nachora anaona. Tukimaliza, karatasi anabaki nayo yeye, akamwonyeshe mama watoto na fundi. Mimi naondoka na mchoro uleule ndani ya kibao, jioni nauvuta kwenye simu kwa Bluetooth. Hauji na kivuli cha kichwa changu kama picha. Inakuja mistari mitupu, ukiikuza haipauki, na kwenye kompyuta unaendelea nayo. Hapo simu haioni ndani.

Ujanja wote uko kwenye kalamu. Ndani ya kibao kuna nyaya nyembamba zinazotoa uga wa sumaku, kalamu ina koili inayoujibu, basi kibao kinajua ncha iko wapi hata karatasi ikiwa katikati. Ndiyo maana kalamu haina betri, na ndiyo maana unaweza kuweka daftari zima, mradi lisizidi unene wa milimita 8.

Sasa kasheshe: kibao hakioni wino, kinaijua kalamu yake tu. Mteja akichomoa Bic yake akahamisha dirisha, karatasi imebadilika, nakala yako haina habari. Nikiona mkono unaenda mfukoni namwahi na ya kwangu.

Kwenye mihtasari ndiyo kabisa. Mwenyekiti anasaini kwa kalamu yake, wajumbe wanajaza mahudhurio kila mtu na ya kwake, muhuri unagongwa. Nakala ya kibao inatoka haina saini hata moja. Skani ya simu inabeba vyote, tena bure.

Ukiamua kununua, bana karatasi vizuri, na bonyeza kitufe kila unapoanza ukurasa mpya, la sivyo sebule ya mtu inapanda juu ya jiko la mwingine. Kinahifadhi hadi kurasa 100, kwa hiyo simu ikizima huna presha. Mirija ya wino agiza kabisa pamoja na kibao, maana maduka ya Mwanga utazunguka bure.

Livescribe na Neo, ambazo mdau wa juu kazitaja, ni kitu kingine: kalamu zake zina kamera inayosoma vitone vilivyochapwa kwenye karatasi maalumu. Daftari likikuishia huku, umekwama.

Na kama unapata cha mtumba, muuzaji ahamishe ukurasa mmoja kwenda kwenye simu yako, siyo yake, ndipo utoe hela. Programu ikiwa haipatikani tena, umenunua ubao wa kuegemeza karatasi.